Jogoo wa Ukurasa wa Tisa

Nyumba ya wageni ya mpwa wangu Enatnesh ina vyumba sita, maji ya moto siku ambazo umeme haujanuna, na jogoo mmoja. Nimevitaja kwa mpangilio wa umuhimu aliouamini yeye kabla ya Timket, sikukuu yetu ya ubatizo wa Yesu, mwaka ule. Baada ya sikukuu, mpangilio ulipinduka chini juu.

Mimi ni mjomba wake, Mersha, dereva wa lori niliyestaafu. Barabara ya kutoka Gondar mpaka Metemma mpakani nimeipita mpaka mashimo yake yakawa yananisalimia kwa jina. Nilipostaafu nilihamia kwenye kiti cha dirishani, pale Enatnesh anapokaangia buni, na kazi yangu ikawa kunywa vikombe vyote vitatu, cha kwanza, cha pili na cha baraka, huku nikiwasimulia wageni mambo ya njiani. Ila wageni wenyewe hawakuwapo.

"Mjomba," akaniambia siku moja akitikisa kikaango, "Mulualem amepiga tena."

Mulualem ni kaka yake, ana duka la mabati Addis Ababa.

"Anataka nini?"

"Anakuja Timket kuchukua ufunguo. Kama vyumba vitakuwa vitupu hata sikukuu hiyo, nafunga nyumba, naenda kumsimamia duka."

"Wewe na mabati wapi na wapi?"

"Mabati hayalalamiki maji baridi."

Nilicheka, kisha nikaweka kikombe chini. Timket ndiyo siku Gondar inapojaa mpaka watu wanalala kwenye magari. Aliyekosa mgeni siku hiyo hana biashara, ana nyumba tu. Na Enatnesh akienda Addis, mimi ningebaki na kiti, dirisha, na hadithi zangu nikiusimulia ukuta.

Kosa halikuwa la mashuka wala mapishi. Siku hizi mgeni hashuki kwenye basi akauliza pa kulala. Anaiuliza simu. Na simu ikiulizwa pa kulala Gondar, ilitaja kila mtu, ikataja hata nyumba moja iliyobomolewa, kisha ndipo ikamtaja Enatnesh, ukurasa wa tisa. Ukurasa wa tisa ni kama njia ya Metemma wakati wa masika: ipo, lakini hakuna anayeipita kwa hiari yake.

Basi Enatnesh akamleta Surafel, fundi wa tovuti, mtu wa makamo mpole, mwenye mkoba mkubwa na tumbo dogo, ambaye malipo yake yalikuwa chakula cha mchana. Alianza kazi kwa kuandika hivi: "Hoteli nzuri Gondar. Ukitafuta hoteli nzuri Gondar, hoteli yetu nzuri ndiyo hoteli nzuri Gondar."

Nikamuuliza kama ana homa.

"Gashe," akasema, maana ndivyo kwetu anavyoitwa mwanamume wa umri wangu, "mashine ya kutafutia inapenda maneno yarudiwe. Na kule Facebook nimewapatia wafuasi elfu tano."

Nikawatazama wafuasi wenyewe. Majina yao yalikuwa kama namba za magari, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Baada ya wiki kadhaa tulitoka ukurasa wa tisa. Tukaenda wa kumi na moja.

"Surafel," nikamwambia tukiwa kwenye kikombe cha pili, "mtu akiketi hapa, nikamwambia 'kahawa nzuri, kahawa nzuri Gondar, hii kahawa nzuri' mpaka kikombe cha baraka, kesho atarudi?"

"Hatarudi, Gashe. Atakuombea."

"Sasa kwa nini unamfanyia hivyo huko mtandaoni?"

Surafel akakuna kidevu. Ni Enatnesh aliyesema, bila kuinua macho kwenye makaa, kwamba wote wanaompigia simu huuliza yale yale: nikasimame wapi niione misafara ikishuka bwawani, nije na sweta, siku ya mfungo nitakula nini, je, nikirushiwa maji ya baraka nitapewa taulo.

"Rudia," Surafel akasema, akitoa kalamu. "Hayo ndiyo watu wanayoiandikia mashine. Mashine yenyewe inatafuta nani amejibu vizuri."

Tukagawana kazi. Enatnesh alijibu maswali kwa ukweli. Surafel aliyapanga kwa Kiamhari na Kiingereza, akapiga picha, akayasambaza Facebook na Telegram kwenye makundi ya wapenda safari. Mimi nikapewa kile ambacho Surafel alikiita "maudhui ya asili", yaani maneno yanayotoka kwa mtu badala ya kutoka kwenye mtambo. Kwangu maana yake ilikuwa moja: hatimaye nimepata mahali pa kusemea bila Enatnesh kunikata kauli.

Tuligombana jambo moja tu. Makala ya kwanza tuliimaliza siku ya nne ya Pagume, mwezi wetu wa kumi na tatu, ule mfupi wa siku tano. Surafel akabonyeza mahali pa tarehe, mashine ikagoma.

"Haina mwezi wa kumi na tatu, Gashe."

"Basi haijasoma. Iandikie kwa mkono."

"Tungeweka tarehe yao, ya wazungu."

"Nyumba iko Gondar. Itumie tarehe ya Gondar. Mimi sitazaliwa upya kwa sababu ya kompyuta."

Akaandika kwa mkono, juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi nene: siku yetu, mwezi wetu, mwaka wetu. Na kila makala iliyofuata ikapata tarehe ya aina hiyo.

Makala iliyotia fora ilikuwa ya jogoo. Jogoo mwenyewe nilimwita Balambaras, cheo cha wakubwa wa zamani, kwa sababu ya mwendo wake. Niliandika kwamba alitotolewa juu ya injini ya lori langu karibu na Metemma, ndiyo maana damu yake haipoi. Niliandika kwamba fisi aliingia uani usiku mmoja na Balambaras akamsindikiza mpaka kwenye bwawa la mfalme Fasil, akamwogesha, akamwacha huko. Niliandika kwamba hawiki alfajiri kama jogoo wa kawaida. Anangoja kikombe cha baraka kimiminwe, ndipo anawika, mara moja tu.

"Mjomba, huyu jogoo anawika saa yoyote akiona kivuli chake," Enatnesh alisema.

"Hayo ni mazoezi."

Watu walisoma. Wazaliwa wa Gondar walioko Washington na Stockholm walipelekeana, wakacheka, wakaandika chini yake habari za majogoo wa bibi zao. Tukapanda hadi ukurasa wa nne. Wafuasi sasa walikuwa na majina ya watu na midomo ya watu. Ila kila mmoja, baada ya kucheka, alimalizia kwa neno moja: "Nikija Timket nitafikia kwa shangazi."

Mji mzima una mashangazi. Waliohitaji chumba ni wale wasio na shangazi Gondar, na hao, kutoka nchi za mbali, hawakuandika hata barua moja. Enatnesh akaanza kukunja mashuka na kuyatia kwenye masanduku.

Ikafika mkesha wa Genna, Krismasi yetu. Tulikuwa tumefunga siku zaidi ya arobaini, hakuna nyama, hakuna siagi, hakuna yai, mpaka dengu nikawa nazitambua moja moja. Kesho yake ni doro wat, mchuzi wa kuku kwa vitunguu na pilipili, na doro wat huanza na jogoo. Kwetu mwanamke hachinji kuku, lazima aitwe mwanamume. Enatnesh akaniita.

"Mjomba, kisu hicho hapo. Nyumba inafungwa, na Addis siendi na jogoo."

Sisemi uongo, nilimpenda Balambaras. Lakini nilikuwa na dengu za siku arobaini tumboni. Nikamfunga miguu, nikamshika mabawa, nikamgeuza mashariki, na ndipo Surafel akatokea mlangoni na simu mkononi, anahema.

"Gashe, subiri. Kuna mzungu ameandika. Mama mmoja wa Denmark, anaitwa Kirsten."

"Anataka chumba?" Enatnesh akauliza.

"Anatoa rambirambi."

Akasoma. Yule mama aliipenda sana hadithi ya jogoo, ameisoma kwa sauti mezani kwake, na wenzake wanne anaosafiri nao wamecheka mpaka machozi. Anasikitika kwamba Balambaras lazima atakuwa ameshakufa miaka mingi iliyopita. Anaona pia kuwa nyumba yetu nzuri haipo tena. Je, tunajua hoteli nyingine iliyo wazi?

Nilimtazama Balambaras. Naye akanitazama, nadhani kwa lawama.

"Nani amemwambia amekufa? Huyu hapa," nikasema. "Surafel, mpige picha. Enatnesh, lete gazeti la leo."

Tukamsimamisha jogoo juu ya kiti changu, gazeti la siku hiyo likiegemezwa kifuani pake kama wanavyofanyiwa mateka, tarehe ikionekana wazi. Picha ikaenda Denmark, na Surafel akaitia pia Facebook. Tukakaa kungoja aibu imshike yule mama.

Jibu lilikuja haraka. "Asanteni kwa picha hii ya kumbukumbu. Alikuwa mzuri sana." Na chini yake kwenye Facebook, wazungu wengine wakaanza kuweka mishumaa.

"Hawa watu wana nini?" nikasema. "Wanamzika hai."

Enatnesh alilinyakua gazeti. Akalitazama, akatazama simu, akalitazama tena. Kisha akaketi chini kwenye nyasi za sikukuu alizokuwa ametandaza sakafuni, akafunika uso kwa mtandio wake.

"Mjomba, hapa imeandikwa mwaka gani?"

"Elfu mbili na kumi na moja. Mwaka huu."

"Mwaka huu wetu. Kwao ni elfu mbili na kumi na tisa, ulioanza wiki hii tu. Tangu Pagume tunawaandikia watu kwamba nyumba hii mara ya mwisho ilikuwa wazi miaka saba, minane iliyopita."

Surafel alinitazama kwa adabu sana, adabu ile inayouma kuliko tusi.

"Na mashine nayo," akasema polepole, "inawaweka mbele wenye habari mpya. Sisi kwake ni makaburi."

"Kalenda yetu ndiyo sahihi," nikasema.

"Hakuna anayebisha, Gashe. Naomba tu ruhusa tuweke na yao pembeni."

Nikatoa ruhusa, kwa sharti kwamba yetu itangulie. Nikamfungua jogoo miguu. Kisha, wakati Surafel anarekebisha tarehe zote, nikaandika makala niliyoipa jina "Jogoo Wetu Ni Mdogo kwa Miaka Saba Kuliko Mnavyodhani". Nilieleza kwamba kwetu mwaka una miezi kumi na mitatu, na kwamba kila anayeshuka Gondar anapungua umri papo hapo, bila dawa. Nikamalizia: aliyekuja na miaka hamsini atalala kwa Enatnesh akiwa na arobaini na mitatu, na asubuhi Balambaras, aliye hai, atamthibitishia.

Genna ile nilikula dengu. Naliandika hili ili lijulikane.

Makala ikakimbia. Mtu akiiuliza simu yake kwa nini Ethiopia iko nyuma miaka saba, anajibiwa na jogoo. Kirsten aliandika kuomba msamaha na kuomba vyumba vitatu. Waliokuwa wameweka mishumaa wakaisambaza kwa furaha ya waliofufukiwa na mpendwa. Sikuangalia tena tuko ukurasa wa ngapi; Enatnesh alikuwa anayatoa mashuka masandukuni, na huo kwangu ulikuwa ukurasa wa kwanza.

Siku ya Timket Mulualem akafika na basi la kutoka Addis, suti nyeusi, mkono umenyooshwa kabla ya salamu.

"Ufunguo uko wapi, dada?"

"Upi? Zote sita zina wenyewe."

Alidhani ni mzaha, akafungua mlango wa chumba cha kwanza, akakutana na bwana wa Denmark aliyelowa maji ya baraka, anatafuta taulo. Akafunga. Hakujaribu cha pili.

Jioni tuliketi wote, nyasi sakafuni, ubani unafuka, wageni wameelekeza simu zao kwa Balambaras. Enatnesh alimimina kikombe cha kwanza tu, na yule mpuuzi akawika. Akawika tena. Akawika mara sita mfululizo.

Kirsten akanigeukia. "Bwana Mersha, si ulisema kikombe cha tatu?"

"Mama, tumembadilishia kalenda wiki mbili tu zilizopita. Bado hajazoea."

Walicheka mpaka kahawa ikapoa. Mulualem peke yake hakucheka. Alikuwa ameshaambiwa kwamba atalala kwangu, sakafuni, na sasa anamkodolea macho jogoo kwa namna niliyoitambua vizuri.

"Dada," akanong'ona, "angalau doro wat utanipikia? Nimesafiri siku nzima."

Enatnesh akamtazama kaka yake, akamtazama Balambaras, akachukua sahani.

"Kuna dengu," akasema.