Fomu Kavu

Jumatatu asubuhi Kathini alianika sare ya shule ya bintiye kwa mara ya tatu, akijua haitakauka. Jua la mtaa wa Jericho lilikuwa kali, na shuka za jirani zilikuwa zimeshaanuliwa. Lakini binti mwenyewe, Koki, alikuwa akivuja tangu Jumamosi. Maji yalimtoka kwenye nywele, safi na ya baridi, yakamteremka shingoni hadi sakafuni. Mama yake alikuwa ameshamwekea beseni.

Jumamosi hiyo Koki, mwenye miaka kumi na mitatu, aliingia kikosi cha vijana cha gwaride na ngoma. Wakubwa walimzamisha kichwa ndani ya pipa la buluu, wakamshikilia, wakamtoa, wakamrudisha, hadi ataje vyeo vyote vya kikosi. Alisahau viwili. Kikosini jambo hilo waliliita karibisho.

"Mum, usiende kusema," Koki alimwomba. "Watanimaliza."

Kathini alikwenda. Alikuwa fundi wa cherehani, mtu wa kupima kabla ya kukata, na aliamini kila jambo lina njia yake. Ofisi ya kikosi ilikuwa Donholm, na karani wake, Bwana Munene, hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza hadi mwisho, akampa fomu tatu, akamweleza kwamba malalamiko huandikwa na aliyetendewa, kwa mkono wake mwenyewe.

Koki aliandika, fomu ikalowa chapachapa. Munene aliishika kwa ncha za vidole.

"Mama, hii haiwezi ingia kwa faili. Leta yenye imekauka."

Hakuuliza imelowaje. Koki alikuwa amesimama ubavuni mwa mama yake, na ndoo ya takataka ya ofisi ilikuwa imeshajaa maji yake.

Mifereji ya mtaa nayo ilikuwa haijatoa tone kwa wiki tatu. Teresiah wa mlango wa pili alikuja na mtungi wa lita ishirini, akaomba kwa adabu. Kesho yake foleni ilifika kwenye kibanda cha makaa. Watu walimshukuru Koki, wakamwita baraka, wakamwambia ainamishe kichwa kidogo. Kufa kufaana, walisema wahenga, na bila shaka nao walikuwa na mitungi.

Fomu ya pili Kathini aliipiga pasi. Wino ulipanda na mvuke, na maneno ya mwanawe yakaondoka yote isipokuwa moja, ambalo Koki alikuwa ameligandamiza kwa hasira: karibisho. Hata hivyo karatasi ilikuwa kavu, akaipeleka. Munene aliipiga muhuri, akaitia kwenye faili ya Sherehe na Mialiko.

Jumamosi alikuja Odero, kiongozi wa kikosi, kijana wa heshima zake, na barua mkononi. Ombi la karibisho lilikuwa limekubaliwa, na kwa kuwa kwa Mama Koki maji yapo, vijana wapya wangekaribishwa hapo hapo. Nyuma yake lilikuwapo pipa la buluu, na watoto saba walioshika viatu vyao mkononi.

"Hodi," alisema Odero.

Kathini alifunga mdomo. Alijua akiitikia amekwisha. Lakini Teresiah, aliyekuwa akingoja mtungi wake ujae, alikuwa amelelewa vizuri.

"Karibuni," akasema.

Pipa lilisogezwa chini ya nywele za Koki. Kathini alilisukuma kwa mikono miwili, akawaambia kwake haliwezi kufanyika jambo hilo, nao wakamwonyesha muhuri. Maji yakaendelea kupanda. Ndipo alipokumbuka fomu ya tatu, kwenye droo ya cherehani. Aliikimbilia, akaja kumtia kalamu mkononi mtoto wa mbele kabisa, binti mdogo aitwaye Eve.

"Andika saa hii, mtoto wangu, ukiwa bado mkavu. Nakuomba."

Eve aliitazama karatasi, kisha pipa.

"Niandike nini, anti? Bado hawajanifanyia kitu."