Mawingu ya Cirebon

Askari alitoa kipande cha shati kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka mezani mbele ya wanawake wawili. "Hiki kimetolewa kwa marehemu. Nani anakitambua?"

Wote wawili walikitambua, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Lori la viazi kutoka Iwawa lilikuwa limepinduka na kuwaka moto karibu na Makambako likiwa na watu wawili: dereva Mudy, mume wa Zaitun, na Amon, mwenye viazi, mume wa Lukresia. Mmoja alikufa. Mwingine alikuwa wodini, kafungwa bandeji hadi usoni, hawezi kusema. Na wote, kwa kupenda umaridadi, walikuwa wamevaa batiki alizotengeneza Zaitun, zenye mawingu ya buluu kama yale ya batiki za mji wa Cirebon huko Java.

Zaitun alifundishwa na mama mmoja wa Kijava aliyeendesha mafunzo Njombe, mkali kwelikweli. Batiki za mji wa Solo ni kahawia iliyotulia, alisema, za Cirebon ni mawingu, na ole wako uzichanganye. Kitambaa cha kuchora kwa mkono hupakwa nta pande zote mbili, mawingu yakaonekana sawasawa nje na ndani. Cha kugonga muhuri hupakwa upande mmoja tu, na kwa ndani mawingu hufifia. Zaitun alikuwa mvivu wa kuchora, hilo alilikiri mwenyewe. Za kuuza zote aligonga muhuri. Maisha yake yote alichora shati moja tu, la Mudy, wiki tatu nzima, huku nta ikimuunguza vidole.

Akakinyanyua kile kipande. Akakigeuza.

Kwa ndani mawingu yalikuwa yamefifia.

Alhamdulillahi, alisema moyoni, Mudy wangu yu hai! Furaha ikamjaa, akaangua kilio mbele za watu bila haya, wala hakumkumbuka mwenzake.

Lukresia, ambaye hakujua habari za nta wala muhuri, aliona machozi tu. Aliinuka akamkumbatia kwa nguvu zake zote.

"Pole, dada yangu. Pole sana. Mungu akutie nguvu. Hatutakuacha. Mimi na Amon tutakusaidia kulea watoto."

Zaitun alitamani askari ndiye aseme, lakini askari alikuwa akiandika, na yeye pia hakujua ni nani aliyekufa. Akajitoa taratibu, akamketisha Lukresia, akamshika mikono yote miwili.

"Lukresia," alisema, "shati hili si la Mudy."