Shule Kwenye Chumba cha Viwavi

Mwalimu Tukezban alimaliza kufuta madawati, akaning'iniza kitambaa kwenye msumari, akaketi kuwangoja wasichana ambao alijua hawaji. Jua lilikwisha kupanda juu ya mapaa ya vigae ya mji wa Nukha. Siku nyingine, saa kama hiyo, uchochoro ungekuwa umejaa vicheko. Leo alisikia maji ya mfereji tu, na mbali kidogo shoka la mtu anayekata matawi ya mforosadi.

Viwavi wa hariri walikuwa wameamka. Mama yeyote wa Nukha anajua maana yake. Wakishaamka usingizi wao wa mwisho, ule wa kujivua ngozi, wadudu wale hula kama waliotoka kifungoni, na nyumba nzima inageuka kuwa mtumishi wao. Mwenye nguvu atakata majani ya mforosadi, mwenye miguu atayabeba, na hata mgonjwa atapewa matawi ayachambue amelala ubavu. Halafu mwaka huu baridi ya Aprili ilikuwa imeunguza machipukizi. Majani yalipanda bei sokoni mpaka watu wakawa wanauza mazulia ya harusi ili viwavi wapate kula. Nani angemtoa binti yake kwenye kazi hiyo ampeleke akasome alifu na be?

Na siku hiyo hiyo ndiyo mkaguzi wa shule alisema anakuja.

Tukezban alikuwa amekwenda ofisini kuomba siku nyingine. Mirza Feyzulla, mkalimani wa mkaguzi, alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye bilauri yake ya chai.

"Dada, serikali haingoji funza."

"Funza hao hao ndio waliokulea, Mirza. Mama yako aliuza hariri ukavaa viatu."

"Ndiyo maana nikasoma, nisife nao." Akatia bonge la sukari mdomoni, akanywa. "Bwana mkubwa anataka mambo mawili: awaone wasichana, na awasikie wakisoma. Asipoona, asiposikia, kibali cha shule kinarudi kilikotoka. Mimi usinitazame hivyo. Mimi ni mdomo tu."

Shule ile ilikuwa imekula ujana wa Tukezban. Alijifunza kusoma akiwa amejificha nyuma ya pazia, kaka yake akifundishwa upande wa pili. Alipokua akakataa wachumba, akauza bangili za mama yake, akapanga vyumba viwili karibu na mfereji. Mwaka wa kwanza watu waliupaka mlango wake samadi. Alikuwa akiamka mapema, anaiosha, anafungua shule kama kwamba hakuna kitu. Mwaka wa pili wakachoka kupaka. Sasa mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata wale waliopaka. Na yote hayo yangeanguka leo kwa sababu madawati hayana watu.

Alisimama. Alichukua ubao mdogo akaubana kwapani chini ya shela, akachukua na vitabu vyote vya kujifunzia kusoma. Kwenye mlango wa shule akaandika kwa chaki, kwa herufi zetu na kwa zile za Kirusi za serikali: Shule leo ipo kwa Nabat, mlango wa buluu.

Aliamua kwenda kwa Nabat, mama wa mwanafunzi wake mmoja, kwa sababu viwavi wa Nabat ndio waliotangulia kuamka. Desturi ya mtaa ni kwamba ambaye viwavi wake wanaamka kwanza, kwake ndiko mikono yote inakwenda, kisha nyumba ya pili, kisha ya tatu. Kwa hiyo wasichana wake wote walikuwa chini ya paa moja. Njiani akanunua mzigo mdogo wa majani. Hakuna anayeingia nyumba ya viwavi mikono mitupu.

Mlangoni alimkuta Bibi Pusta, mama mkwe wa Nabat, amekaa kwenye kigoda kama askari wa lindo. Mayai ya viwavi wale aliyatunza yeye, kifuani mwake ndani ya kitambaa, wiki nzima mpaka yakaanguliwa. Akamnusa Tukezban, maana harufu kali na mkosi huwadhuru viwavi.

"Umekula nini asubuhi?"

"Mkate na jibini, bibi."

"Kitunguu?"

"Sijagusa."

"Hutoki msibani?"

"Natoka shuleni."

"Shuleni napo siku hizi ni msiba, nasikia." Bibi kizee akacheka, akaona majani. "Haya. Wewe angalau umelelewa. Pita, lakini sauti yako iache hapa nje."

Ndani kulikuwa na vichanja toka chini mpaka darini, na juu yake weupe mtupu unaotambaa. Mlio wa meno yao ulikuwa kama mvua inayoshuka bustanini. Wasichana walikaa sakafuni wakichambua majani, na walipomwona mwalimu wakainamisha vichwa kwa aibu. Shirinbeyim, binti wa Nabat, alificha uso wake nyuma ya tawi.

Nabat alikuja mbio, mikono imekuwa kijani mpaka viwikoni. "Mwalimu wangu, nisamehe," alinong'ona. "Najua leo ni leo. Lakini siwezi kukupa hata mmoja. Viwavi wakilala njaa saa moja tu, hawasuki vifuko vya hariri. Na tukikosa vifuko mwaka huu, sisi tunakula nini?"

"Sikuja kuwachukua, dada. Nimekuja kukaa nao. Mikono yao yako, macho yao nikopeshe."

Nabat akamtazama mama mkwe mlangoni. Bibi Pusta akainua bega. "Macho hayachambui majani," alisema. "Mpe."

Basi Tukezban akauegemeza ubao kwenye nguzo, akakaa chini kama wao, akafungua kitabu mapajani huku akichambua matawi. Wakasoma kwa kunong'ona. Shuleni kwake, kama shule zote za huko, watoto walisoma kwa kuimba pamoja, na kelele ilikuwa dalili ya bidii. Hapa kuimba kulikuwa haramu, maana viwavi wakishtuka huacha kula. Kila mmoja alisoma peke yake, kwa pumzi tu. Na hapo mwalimu akagundua jambo: wasichana watatu, waliokuwa wakiimba vizuri kuliko wote, hawakujua hata herufi moja. Miaka yote walikuwa wamepanda sauti za wenzao kama watu wanaodandia mkokoteni.

"Kumbe wewe!" Tukezban alimnong'oneza mmoja, nusura acheke.

"Usimwambie mama, Mwalimu."

"Simwambii. Hii ni nini?"

"Jimu?"

"Itazame tena. Haikimbii."

Aliwaanza upya wale watatu, pale pale, kati ya matawi. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyeipata pete kwenye vumbi la ufagio.

Nabat alikuwa akipita na kikapu. Kila akifika kwenye kundi lile, miguu ilikuwa inapunguza mwendo yenyewe.

Nabat alikuwa na sababu. Shirinbeyim alipokuwa mdogo alishikwa na kifua. Baba yake alikuwa safarini na magunia ya hariri. Nabat akakimbia kwa mwuza dawa wa sokoni, akapewa chupa mbili, na kila moja ina karatasi iliyoandikwa vizuri: hii ya kunywa, hii ya kusugua. Mwuza dawa alisema mara moja, kwa haraka, watu wamejaa. Nabat alipofika nyumbani chupa zilikuwa sawa kama mapacha. Alizigeuza, akazinusa, akaita majirani wanawake, na wote wakazigeuza na kuzinusa. Mtoto analia. Akachagua. Mtoto hakufa, Mungu ashukuriwe, ila koo liliungua, na tangu siku ile Shirinbeyim anaongea kwa sauti ya mlango unaokwaruza. Enyi mama wenye mabinti, mkiona karatasi kwenye chupa msiseme hayo ni mambo ya wanaume. Mwanamume atakuwa safarini. Chupa itakuwa mkononi mwako.

Mkaguzi alifika karibu na adhuhuri, jasho linamtoka, sigara mdomoni, Mirza Feyzulla nyuma yake. Bibi Pusta aliona moshi ule akainuka kwenye kigoda kama msichana.

"Mwambie azime!"

"Bibi, huyu ni mkubwa wa serikali."

"Moshi wa mkubwa na wa mdogo, kiwavi anakufa sawa sawa. Azime, anawe mikono, avue viatu. Ama akakague mfereji."

Mirza akatafsiri, bila shaka kwa maneno mazuri zaidi. Mkaguzi alikunja uso, lakini sigara akaikanyaga. Alinawa, akavua buti, akabaki na soksi zenye tundu kwenye kidole gumba. Wasichana wakajiuma midomo. Mirza naye, kabla hajaambiwa, alikwisha vua viatu vyake na kushusha sauti. Alitembea kwa ncha za vidole kati ya vichanja kama alivyofundishwa utotoni, na uso wake wa ofisini ukamwanguka kidogo.

"Bwana anauliza shule iko wapi," alinong'ona.

"Ndiyo hii," Tukezban alisema. "Wanafunzi hawa, ubao huu, vitabu hivi."

Wasichana wakasoma, mmoja baada ya mwingine, kwa pumzi. Mkaguzi aliinama, akaweka kiganja sikioni, akainuka amekasirika. Akasema kitu kwa sauti kubwa, na vichwa vya viwavi kwenye kichanja cha karibu vikainuka vyote kwa pamoja, vikasimama. Mvua ile ikanyamaza upande mmoja wa chumba.

Bibi Pusta akashika kifua. Mirza akatafsiri kwa kunong'ona. "Anasema hasikii kitu. Anasema hawa wanatikisa midomo tu. Wasome kwa sauti, ama anaandika kwamba hakuna anayejua kusoma."

Kila mtu akamtazama Nabat. Viwavi walikuwa wake, na mkate wa mwaka mzima ulikuwa umelala kwenye vichanja vile.

Tukezban akamshika mkono uliojaa utomvu. "Usifanye kwa ajili yangu, dada. Mimi nimeosha samadi, nitaosha na hili. Waache wadudu waendelee kula."

Nabat alitazama vichwa vile vilivyosimama hewani, kisha akamtazama binti yake.

"Soma, Shirinbeyim."

"Mama, viwavi..."

"Nimesema soma. Asikie mpaka sokoni."

"Nabat!" Bibi Pusta alinong'ona.

"Niache, mama. Siku ile mtoto wangu alilia, na mimi nikabaki nanusa chupa."

Shirinbeyim akasimama, majani yakimdondoka mapajani. Akasoma ukurasa mzima, habari za jogoo na mkulima. Sauti yake ilikwaruza, ikakatika, ikaendelea. Hakuruka neno. Alipomaliza wote wakatega sikio, mpaka kutoka kwenye kile kichanja cha karibu ukasikika mlio mdogo, tena mwingine, na mvua ikarudi. Viwavi walikuwa wameinamisha vichwa na kula.

Mkaguzi akauliza jambo. Mirza alisita kulitafsiri.

"Anauliza mtoto huyu ana ugonjwa gani."

"Mwambie si ugonjwa," Nabat alisema. "Mwambie hiyo ni sauti ya mtoto ambaye mama yake hakujua kusoma."

Mirza akatafsiri polepole, na safari hii Tukezban, aliyekijua kidogo kile Kirusi, alisikia hakupunguza neno wala hakupamba.

Mkaguzi akavaa buti zake uani. Akaongea huku akifunga kamba, haangalii mtu.

"Anasema amesikia, na wanasoma," Mirza alisema. "Hilo hakatai. Lakini kibali kinataja vyumba vile vya karibu na mfereji, na madawati yale. Amepita huko, ameyakuta matupu. Kwa sheria, shule iliyo tupu imefungwa. Mimi nitapita kukichukua kibao cha jina la shule pale mlangoni."

"Wanasoma, ila hakuna shule?" Tukezban aliuliza.

"Dada, mimi ni..."

"Mdomo tu. Najua. Nenda salama, Mirza."

"Hicho kibao mkishakichoka kileteni hapa," Bibi Pusta alimpigia kelele ya kunong'ona. "Kitatufaa kuchambulia majani." Mirza hakucheka. Aliondoka nyuma ya bwana wake, akiwa amesahau kufunga kamba za viatu.

Tukezban alibaki amesimama uani. Alitegemea atalia. Alingoja, kilio hakikuja. Alifikiri vyumba viwili vyenye kufuli, na madawati aliyoyafuta asubuhi bila sababu, na moyo ukamuuma kweli. Lakini ndani wasichana walikuwa wameanza tena kunong'ona, na mmoja wa wale watatu alikuwa anabishana na mwenzake kama ile ni jimu au he.

Aliporudi akakuta Nabat amekaa sakafuni kati yao, kikapu kando. Alikuwa amepangusa mikono vizuri na sketi, na mkononi alishika chupa ndogo ya zamani, karatasi yake imekuwa ya njano.

"Uliitunza?" Tukezban aliuliza.

"Ningeitupa wapi." Nabat akamsogezea binti yake chupa ile. "Haya, nionyeshe. Kusugua imeandikwa wapi?"

Shirinbeyim akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza. Mlangoni Bibi Pusta alivuta kigoda chake ndani kidogo, akalalamika kwamba nje jua limezidi.

"Na mimi macho yangu hayachambui majani," alisema. "Sogeeni."

Wakasogea, na kesho yake asubuhi, viwavi wa nyumba ya pili walipoamka, mwenye nyumba alimtuma mtu kwa Mwalimu Tukezban amwambie aje na ubao wake, na asile kitunguu.