Vumbi la Juu ya Milango

"Hivi, mwenzangu, shule yote ile ulisoma ili uje kupangusa sakafu za watu?"

Ndivyo fundi cherehani alivyomuuliza mtafiti, jirani yake, alipomwona akipita nyumba kwa nyumba na vitambaa vyake vibichi. Alikuwa akipangusa sakafu na madirisha, kisha anatia kila kitambaa kwenye mfuko wake na kuufunga kama mtu anayeficha dhahabu. Mtafiti alicheka, mtaa ukacheka naye, na jina likamganda: Mama Vumbi.

Jambo lenyewe lakini halikuwa la kuchekesha. Nyuma ya ukuta wa shule kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Watoto wa mtaa walilalamika matumbo, walipauka, na la jana walikuwa hawalikumbuki leo. Binti wa fundi cherehani alikuwa mmoja wao. Damu zao zilipopimwa zilikutwa na risasi, madini yale yanayomtafuna mtoto kimyakimya. Meneja wa kiwanda akasema sumu hiyo wameitoa kwenye masufuria ya mama zao. Mama Vumbi akaahidi kuonyesha inakotoka, kabla baraza la mji halijakipa kiwanda kibali cha kuongeza tanuri jingine.

Majibu ya maabara yaliporudi, aliyasoma mara mbili. Nyumba zote safi. Meneja alizipata habari siku hiyohiyo, akawa anapita mtaani akisalimia watu kwa bashasha na kuuliza kama Mama Vumbi sasa atahamia kupangusa vyoo.

Kwa kukosa raha Mama Vumbi akaenda kwa shangazi yake bila kumpigia simu, maana alitaka tu kukaa na mtu asiyemuuliza kitu. Shangazi alifungua mlango, akabaki amesimama palepale, uso ameukunja.

"Ndiyo tabia gani hii? Si ungesema unakuja, nikapiga deki?"

"Shangazi, mimi nimekuwa mgeni lini?"

"Hata ungekuwa mwanangu wa kumzaa. Ngoja hapohapo."

Akaachwa nje akisikia ndoo inaburutwa na viti vinasogezwa. Hapo ndipo akili ilipomfunguka. Kila nyumba aliyoingia alikuwa ametoa taarifa mapema, kwa heshima. Na kila mama, kwa heshima hiyohiyo, alikuwa amesugua sakafu mpaka miguu ya meza, ili mgeni mwenye shahada asimkute na uchafu. Kumbe alikuwa amepima haya ya akina mama, si vumbi lao. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akamkumbatia shangazi pamoja na ufagio wake, akaondoka hata kiti hajakalia.

Safari hii alikuja na ngazi. Alipanda juu ya fremu za milango, juu ya makabati, kwenye mapanga ya feni, kule ambako mgeni hatupi jicho. Akina mama waliona aibu. Fundi cherehani alimshikia ngazi huku akimwonya kwamba akisimulia aliyoyaona huko juu, ujirani umekwisha. Vitambaa vilishuka vyeusi ti.

Kikao cha baraza kilifanyika darasani, watu wamejaa mpaka madirishani. Mama Vumbi alieleza polepole. Masufuria yamepimwa, hayana neno. Vumbi la juu ya milango lina risasi tele, na kadiri nyumba inavyokaribia ukuta wa kiwanda ndivyo inavyozidi. Maabara imeilinganisha na ile ya majivu ya tanuri yanayotupwa nje ya ukuta, zimefanana kama pacha.

Meneja alisimama, akarekebisha koti. Akasema hilo ni vumbi la barabarani tu, halijamuua mtu.

"Sawa, kaka," alisema Mama Vumbi. "Basi wahamishie wanao hapa. Kesho waanze darasa hilihili, dawati lile la dirishani."

Darasa zima lilimgeukia meneja. Akaketi tena.

Mwenyekiti hakuwa na haja ya kushauriana sana. Alitamka kwamba kibali hakuna, tanuri linazimwa leo, na matibabu ya watoto wote ni juu ya kiwanda. Vigelegele vikapasua paa, fundi cherehani akamnyanyua binti yake juu ya vichwa vya watu. Kelele zilipotulia, mwenyekiti alimuuliza meneja kama ana la kusema. Meneja akakusanya karatasi zake, akapenya katikati ya akina mama waliompisha taratibu, akatoka.