Wa Tano Ana Kinga Kamili

Siku fundi lifti alipoacha kurudi nyumbani, mkewe alikuwa juu ya ngazi sebuleni kwa mteja, akipima dirisha, penseli ameing'ata. Alikuwa fundi wa mapazia. Simu ikaita mfukoni mwa aproni, akaipokea kwa mkono usioshika fremu.

"Wewe ni nani wake?" sauti ya mwanamke iliuliza, baada ya kutaja jina la mumewe.

"Mke wake."

"Yuko hapa mapokezi, hospitali. Kifua kinambana. Nani anamdhamini?"

"Mimi."

"Uko wapi?"

"Niko huku kwetu, kazini. Yeye amekuja mji huo kutengeneza lifti."

"Mdhamini awe hapa dirishani, mama. Au mgonjwa awe na bima."

Akashuka ngazi, akapanda basi. Alipofika jioni, mumewe alikuwa bado amekaa kwenye benchi la mapokezi, mkoba wa vifaa mapajani, amekwisha kufariki. Waliokaa naye walikuwa wamejisogeza kidogo ili apate nafasi. Kumsafirisha kulitaka gari na vibali, na mkewe alikuja na pochi tu na kanga mabegani. Basi wakamzika kule kule, upande wa wageni.

Nyumbani waliendelea kujihesabu watano. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Bibi, mama mzazi wa marehemu, kila akipakua alitoa sahani tano kabatini, akarudisha moja, na kesho yake akatoa tano tena. Waliobaki walikuwa wanne: Bibi, Mama, binti mkubwa ambaye wote walimwita Dada, na mdogo, Kinanda. Jina hilo alipewa na baba yake. Mtoto alikuwa na pumu, na kifua kilipobana kilitoa sauti kadhaa kwa pamoja, nyembamba na nene. Baba alikuwa akisema, "Haya, kinanda kimeanza, nani anaimba?" Mtoto akicheka, nusu ya kubanwa huwa imeshapita. Siku hizi alikuwa hana wa kumchekesha ila dawa ya kuvuta.

Mwaka wa pili wa msiba, mteja aliyeshonewa mapazia ya nyumba yake ya mapumziko huko ziwani alimwambia Mama awapeleke watoto wakakae wiki moja, nyumba iko tupu. Watoto walishangilia. Bibi akasema ni vizuri, msiba nao unahitaji kupunga hewa. Mama peke yake ndiye aliyeifikiria njia. Njia ya kwenda ziwani inapita mji ule ule, na hospitali ya karibu na ziwa ni ile ile.

Tangu hapo cherehani yake ilianza kwenda upande. Alishona pindo, akafumua, akashona tena. Alikuwa akimsikiliza Kinanda chumba cha pili. Akisikia pumzi alihesabu kuwa inabana, asiposikia aliinuka kwenda kutazama.

"Mwanangu, utamaliza sakafu," Bibi alimwambia. "Nenda kwa hao watu wa bima. Si wanasema tahadhari kabla ya hatari?"

Ofisi ya bima ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Wakala alikuwa kijana mpole mwenye tai fupi, na mezani pake palikuwa na maua ya plastiki yaliyofutwa vumbi vizuri.

"Karibu, mama. Bima ya safari. Mko wangapi?"

"Watano," alisema Mama.

Wakala akaandika watano. Akauliza mmoja mmoja, umri na maradhi. Bibi, magoti. Magoti yaliingia kwenye bima, ila yasipande mlima. Dada, hana kitu. Walipofika kwa Kinanda, kijana aliinua vidole kutoka kwenye kompyuta.

"Hicho kifua hakimo."

"Hakimo vipi? Yeye si yumo?"

"Yeye yumo. Kifua hakimo. Alikuwa nacho kabla ya kuja kwetu."

"Sasa baba, nani huja kwenu na kifua cha baadaye?"

Wakala alicheka kwa adabu. "Mama, ndoo ya maji huuzwa kabla moto haujawaka. Akivunjika mguu, tupo. Akipotelewa na begi, tupo. Na huyu wa tano?"

Hapo ndipo Mama aliposikia alichokuwa amesema. Angeweza kusema amekosea. "Ni mume wangu," akasema. "Fundi lifti. Alifariki mwaka juzi."

"Pole sana. Ameugua chochote tangu hapo?"

"Hapana."

"Presha? Sukari?"

"Tangu hapo, hapana."

"Safi. Huyu anapata kinga kamili." Akabonyeza mara kadhaa. "Wangekuwa wote kama yeye, mama, kazi yetu ingekuwa nyepesi. Kinga inaanza leo kwa majaribio. Kabla ya siku ya safari uje kuthibitisha, au utujulishe tu ukibadili nia."

Kesho yake alasiri gari dogo jeupe la kampuni lilisimama mlangoni. Dereva alitaka saini. Miongoni mwa mambo ambayo kampuni huyafanya ni kumrudisha nyumbani mwenye bima aliyefia safarini, na fundi lifti alikuwa amefia safarini. Alishuka mwenyewe, na ovaroli yake ya buluu na mkoba wa vifaa. Udongo ulikuwa umemganda kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," alisema Bibi. "Umekonda. Vua viatu, pamepigwa deki."

Alivua. Jioni ile sahani haikurudishwa kabatini, ingawa hakula. Alisema njaa hana, ila anapenda kukaa karibu na chakula. Dada alimwuliza kama huko alikotoka kuna lifti. Akasema hakuna, kote ni chini.

"Basi huna kazi," alisema Dada.

"Sina. Nimelala tu."

Mama alimtazama akafurahi, kisha hofu ikamrudia pale pale ilipokuwa. Mume amerudi na kinga yake kamili, yeye asiyeweza tena kuumwa. Mtoto mwenye kuumwa hakuwa na kitu. Akiikataa bima, gari jeupe litakuja kumchukua mume. Akiikubali, atapita kwenye mji ule na mtoto ambaye mguu wake una mdhamini na kifua chake hakina. Na kubaki nyumbani pia alikufikiria, lakini kinga ilikuwa ya safari. Bila safari hakuna kinga, na bila kinga hakuna baba mezani.

"Unafikiri kwa sauti," mumewe alimwambia.

"Sijasema kitu."

"Umeshona mfuko wa mto kwenye pazia."

Asubuhi ya siku moja kabla ya safari, Mama alikunjua jora la kitambaa kizito, vumbi likaruka, na Kinanda akabanwa. Mabega yalipanda hadi masikioni. Mama alimpa dawa ya kuvuta, mara ya kwanza, mara ya pili. Filimbi ilizidi. Bibi akafungua madirisha yote. Baba alikuja bila haraka, akapiga magoti, akaweka sikio kifuani mwa mtoto, akafumba macho. Ndivyo alivyokuwa akifanya kazini. Alisikiliza mlango wa lifti kwanza, kabla hajatoa bisibisi.

"Haijaharibika," alisema. "Imekwama tu. Hii inahamishika."

"Inahamia wapi?" aliuliza Mama.

"Mimi nina nafasi tupu humu. Na kifua changu kimo."

Akamwambia mtoto apumue naye. Mtoto alipotoa pumzi, yeye aliivuta. Alikuwa hajapumua tangu mwaka juzi na mwanzoni alikosea mwendo, Kinanda akamwonyesha. Taratibu sauti zilianza kumtoka mtoto, ile nyembamba kwanza, kisha ile nene, zikaingia kwenye ovaroli ya buluu na kubaki huko. Mabega ya mtoto yakashuka. Baba aliinuka akipiga filimbi kifuani.

"Haya," alisema kwa shida, "nani anaimba?"

Mchana ule Mama alikwenda juu ya duka la viatu, akathibitisha bima ya watu watano.

Ziwani walikaa siku nne vizuri. Kinanda alikimbia ufukweni mpaka Dada akachoka kumfuata, na kila aliporudi Mama alimshika kifua kwa kiganja. Hakukuwa na kitu ndani ila moyo. Baba alikaa kwenye kiti barazani, akivuta hewa kwa mdomo, rangi yake ikizidi kuwa ya majivu. Siku ya tano alishindwa kusema. Wakampeleka hospitali.

Dirisha la mapokezi lilikuwa lile lile, na aliyekaa nyuma yake alikuwa na ile sauti ya simu.

"Nani anamdhamini?"

Mama alitoa kadi. Mlango wa ndani ulifunguliwa kabla hajamaliza kusema. Nesi mmoja alishika mkono wa Baba, akatafuta mapigo, akatafuta tena.

"Mapigo hayapo," alisema.

"Bima ipo?" aliuliza daktari.

"Ipo. Kamili."

"Mpelekeni kitanda cha dirishani. Mwekeeni oksijeni."

Kwenye benchi alikuwa amekaa mwanamke na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa akipumua kwa mabega. Mama aliijua sauti ile kama anavyoijua sauti ya cherehani yake. Mwanamke alikuwa amekwisha kuulizwa nani anamdhamini mtoto, na hakuwa na mtu wala kadi.

"Mimi namdhamini," alisema Mama.

Yule wa dirishani alimtazama bila ubaya. "Na wewe unadhaminiwa na nani, mama?"

"Si nina kadi?"

"Kadi inasema wewe. Haisemi jirani."

Mama alimpa mwanamke dawa ya kuvuta ya Kinanda, iliyobaki kidogo. Mtoto akaivuta, ikaisha. Baadaye mwanamke alifunga kanga vizuri, akasema ahsante dada, akatoka na mtoto wake kutafuta pengine.

Wiki ya mapumziko iliisha na Baba hakuruhusiwa kutoka. Daktari alieleza kwamba mgonjwa hutoka akipona au akifa. Kupona hakuweza, kwa kuwa ugonjwa haukuwa wake, na kufa alikuwa amemaliza. Kampuni haikulalamika. Iliandika kwamba mteja wake anahudumiwa kulingana na masharti, na ikamtakia nafuu.

"Rudini tu," Baba aliwaambia chini ya kifuniko cha oksijeni. "Hapa pazuri. Wananigeuza kila asubuhi."

"Laiti wangekugeuza siku ile ya benchi," alisema Bibi.

Sasa Kinanda anacheza mpira shuleni na wenzake wameanza kumwita kwa jina lake la darasani. Barua ya Mama ya kuuliza kuhusu kifua cha mtoto ilijibiwa na kampuni. Kifua hicho bado hakimo, ingawa ni kizima, kwa sababu kiliwahi kuugua. Benchi la mapokezi limepakwa rangi mpya na hujaa kabla ya saa mbili asubuhi. Wagonjwa wa kawaida huonwa na jamaa zao Jumapili tu. Wenye bima huonwa siku yoyote, na Mama huenda Jumatano, kwa kuwa Jumatano mabasi hayajai.