Waliotoka Mkononi mwa Chileshe

"Na huyu?" Mama Virginie aliuliza, akiwa ameinamia katoni ya vifaranga.

"Amelala, mama."

"Analala na macho wazi? Chileshe, miye nilizika bantu mingi. Usinifundishe usingizi."

Chileshe alimtoa yule kifaranga wa bata. Alikuwa mwepesi kama kiberiti kilichoisha njiti, shingo inaning'inia kati ya vidole. Akamfunga katika kipande cha gazeti, akaenda kumfukia nyuma ya choo, mahali ambapo mbwa wa jirani hawafiki. Wenzake wawili walikuwa wamekwisha kutangulia pale pale. Katika katoni walibaki watano, na kati ya hao watano hakuna hata mmoja aliyekuwa anasimama vizuri.

Katika lupango ile, ua wa nyumba yao huko Katuba, ilikuwa inasemwa kwamba Chileshe ana mkono mbaya. Hawakusema kwa matusi. Walisema kama mtu anavyosema kwamba fulani ni mrefu. Kwanza sungura wa Caleb, shemeji yake, walikufa yeye akiwalisha. Halafu tuta la mboga za lengalenga alilopanda likageuka manjano. Mama Virginie, mama yake Caleb, alikuwa ameyaangalia yote hayo, mpaka jioni moja, bukari, ugali wao, ikiwa mezani, akasema:

"Mutoto, Chileshe hatamukamata. Atafua, atapika, sawa. Lakini kumukamata, hapana. Musinikasirikie."

Mtoto mwenyewe alikuwa bado tumboni mwa Plamedie, dada yake Chileshe, mke wa Caleb. Yule wa kwanza hakumaliza siku mbili duniani, ndiyo maana sasa nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Na Chileshe aliletwa kutoka Kasomeno, mama yao alipokufa, kwa kazi hiyo moja tu: kumbeba mtoto wa dada yake. Hakuwa na kazi nyingine duniani wala mtu mwingine. Alimtazama Plamedie, asikie atajibu nini. Plamedie alikuwa anatazama sombe, majani ya muhogo, katika sahani yake.

Ndipo bata la Mama Virginie likaliwa na mbwa, mayai yakiwa yameanguliwa siku ile ile. Mama Virginie aliokota vifaranga, akavimwaga katika kikwembe alichojifunga Chileshe.

"Kamata. Chunga. Bakikomaa, miye mwenyewe nitakupa mutoto mu mikono, mbele ya bantu. Bakikufa..."

Hakumalizia, na hakukuwa na haja ya kumalizia.

Ulikuwa mwezi wa saba, wakati ambapo baridi ya Lubumbashi inaingia chini ya mlango pamoja na vumbi. Chileshe alitandika pulova ya zamani katika katoni. Alijaza maji ya moto katika chupa ya plastiki, akaivisha soksi, akailaza katikati yao. Wakaikumbatia, na chupa ilipopoa waliendelea kuikumbatia, ikiwanyonya hata lile joto lao dogo. Alichemsha yai, akalisaga na unga. Alichovya kidole katika maji ya sukari na kuwagusisha midomo. Mbabula, jiko la makaa, aliweza kuiwasha wakati wa kupika tu, kwa sababu makaa yalikuwa ya kuhesabu.

Akawa anajua namna wanavyokwenda. Kwanza kifaranga anaacha kula. Halafu anakalia magoti. Halafu kichwa kinakuwa kizito, anakiegemeza kwa mwenzake. Mwisho mdomo unafunguka, unafunguka na kufunga, bila sauti yoyote. Aliyefika hapo hakurudi.

Siku ya Mungu Mama Virginie alitoka misa na huruma moyoni. Akainama juu ya katoni.

"Masikini. Bata ni kintu ya maji, weye unabafungia sawa bafungwa. Leta beseni."

"Mama, baridi ni mingi, na habana mama yabo wa kubapaka mafuta mu manyoya..."

"Nilianza kuchunga bata weye haujazaliwa. Leta beseni."

Mtu hamkatalii mama mkwe wa dada yake. Beseni likaja. Na kweli, walipotiwa majini waliamka! Walipiga miguu, walizunguka, mmoja akatia kichwa majini na kukitoa. Plamedie alicheka, mkono juu ya tumbo, na Chileshe naye alijikuta anacheka. Halafu manyoya yao yakaanza kunywa maji kama pamba. Mgongo ukazama, ikabaki shingo. Chileshe alipowatoa walikuwa wanatetemeka hata hawakuweza kulia, na jua halijashuka wawili wakawa wamekufa.

Mama Virginie alimwaga maji ya beseni kwenye vumbi. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

"Umeona?" akasema pole pole. "Ata mu maji yabo benyewe."

Wakabaki watatu. Chileshe aliwatia kifuani, chini ya kikwembe, kwenye ngozi, na hapo walitulia. Lakini mtu hawezi kutwanga, kufua na kudeki akiwa na bata kifuani. Kila alipowarudisha katika katoni walianza tena kulegea.

Asubuhi yake alikwenda nao kuchota maji kwa Mama Olive. Mama Olive alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe kutoka Butembo, mwenye robine, bomba la maji, katika lupango yake na mdomo usiokuwa na kizibo.

"We Chileshe! Tangu lini maziwa yako inatembea?"

Wanawake wa ndoo wakaangua kicheko. Chileshe alifungua kikwembe kidogo. Mama Olive akachungulia, akaacha kucheka.

"Bano habana ugonjwa. Banatafuta mama. Njoo uone."

Nyuma ya magunia bata lake kubwa jeupe lilikuwa limelalia vifaranga vya juzi. Vilitoka, vikadonoa, vikarudi chini ya tumbo, vikatoka tena. Hakuna aliyevipikia yai.

"Baache hapa," Mama Olive akasema. "Giza ikiingia tunabaingiza chini ya bawa. Bata hajue hesabu. Asubuhi atasema ni bake."

"Nitabarudisha siku gani?"

"Ukibarudisha mapema, banakufa. Baache bakomae huku huku."

Chileshe alifunga kikwembe. Alikuwa ameuona mwisho wote pale pale, kama mtu anavyoona shimo njiani. Wakifia kwake, ana mkono mbaya. Wakipona kwa Mama Olive, ndiyo ushahidi umekamilika.

"Bakipona huku, bantu batasema nini juu yangu?"

"Batasema maneno yao. Unataka bata ama unataka maneno?"

Chileshe alijitwika ndoo na kurudi nao nyumbani. Alijidanganya: labda leo jua litakaza, labda kesho. Akapika huku ameinama, mkono mmoja kifuani. Mchana wakala punje mbili tatu, akamshukuru Mungu kwa sauti. Jioni alipofungua kikwembe, mmoja alikuwa anafungua mdomo.

Hakuaga mtu. Alikimbia, sandali moja ikabaki njiani. Mama Olive aliinua gunia, akashika kibatari. Chileshe alisukuma mkono chini ya lile bata. Likamzomea, likamdonoa kiganja hadi damu, hakuutoa. Huko ndani kulikuwa na joto ambalo yeye, na chupa zake zote, hakuwahi kulitengeneza. Aliwaacha mmoja mmoja. Bata likajitikisa, likashusha bawa.

Yule wa mdomo hakuamka. Wawili walipona. Hawakupona kwa shida, walipona kwa haraka ya kuudhi, wakanenepa, wakawa hawatofautishiki na wenzao. Mama Virginie alikwenda mwenyewe kuwatazama, akarudi, akavua kitambaa cha kichwa.

"Nimebaona. Balitoka mu mukono yako, bakapona. Sasa miye niseme nini tena, Chileshe?"

Chileshe alikuwa na maneno ya kusema. Baridi. Beseni. Alikuwa ameyapanga tangu siku nyingi. Lakini mbele yake alimwona mwanamke mzee aliyezika mjukuu, anayeogopa kweli kweli.

"Ndiyo, mama," akasema.

Plamedie alizaa mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha avenue nzima. Watu walikuja, wakampokezana. Chileshe alifua nepi, akaanika, akakunja. Akitaka kumwona mtoto alisimama mlangoni.

Siku moja Mama Virginie alikwenda sokoni. Mtoto alilia kutoka asubuhi mpaka Plamedie akaanza kulia naye.

"Chileshe! Kuya umukamate."

"Yaya, dada yangu, mama alisema..."

"Mama alisema, mama alisema! Miye nilinyamaza siku ile ju ya woga. Sasa nimechoka, nitamuangusha. Kamata!"

Alipewa mtoto kama mtu anavyopewa sufuria la moto. Plamedie alianguka kitandani akalala na viatu. Chileshe aliketi. Mtoto akalia, akakwama, akanyamaza. Chileshe aliinamisha sikio mpaka karibu na pua ile ndogo. Pumzi ilikuwepo. Akasubiri nyingine. Nayo ilikuja.

Mlango wa bati wa lupango ukalia.

"Chileshe! Kuya unitue kitunga ya soko!"

Kitanda kilikuwa karibu; muda wa kumlaza mtoto pembeni ya mama yake ulikuwepo. Chileshe alikitazama. Hatua zilivuka uwanja, zikafika barazani. Alimsogeza mtoto kifuani, naye hakuinuka.

"Niko ndani, mama," akajibu. "Nimemukamata mutoto."