Figo ya Ukweni

Niyonsenga alikuwa tayari kumpa kaka yake, Callixte, figo moja. Taabu ni kwamba, kwa hesabu za ukweni, figo hiyo haikuwa yake ya kutoa. Alipoolewa Kirolirwe ng'ombe walipelekwa kwao, na baba mkwe wake, mzee Esdras, hakuwa mtu wa kusahau ng'ombe.

"Tulileta ngombe juu ya muntu muzima," alisema mbele ya ukoo. "Akirudi nusu, nani atajibu?"

Ukoo ukakaa kikao, ukaahirisha, ukakaa tena. Maziwa yalinywewa, maneno yakarushwa, na Niyonsenga, mwenye figo, akawekwa karibu na mlango kama mgeni. Alikasirika mwanzoni tu. Baadaye hata hasira ilimchoka. Kila Jumapili alimpelekea Callixte habari za kikao hospitalini Mweso, na Callixte, miguu imemvimba, aliuliza nani kasema nini.

Hatimaye mzee akakubali. Niyonsenga alipanda pikipiki asubuhi ileile bila hata kunywa chai, wasije wakashindwa kumpasua kwa sababu ya tumbo lililojaa.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, kupandikiza figo hatufanyake hapa. Hata Goma hapana. Ni inje ya inchi tu. Callixte nilimwambia tangu mwanzo."

Niyonsenga aliitikia kwa kichwa. Hospitali hii iliwahi kumpasua jirani yake akapona, naye akadhani wanaojua kutoa wanajua na kuweka. Alingoja machozi, hayakuja. Akaenda kuketi kitandani kwa kaka yake.

"Kaka, juu ya nini hukuniambia?"

Callixte alitazama ukuta.

"Huku kwetu muntu anakufa, watu wanasema ni Mungu, wanarudia mashamba. Lakini mimi, ukoo muzima ulikaa kugombana juu yangu. Nikasema, waache waendelee kidogo."

Niyonsenga alipaswa kumkaripia. Alilitafuta neno la ukali, akakuta ndani yake hamna kitu.

"Na muzee," Callixte akauliza, "alisema aje mwisho?"

"Alikubali."

"Esdras?"

"Yeye mwenyewe."

Callixte akacheka taratibu, akafumba macho.

"Nielezee vizuri, dada. Anzia pale alisimama."

Niyonsenga akamsimulia yote, bila haraka, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.